Mzee Jecha Duni na Mtambo Uliozorota Magharibi

Mashekhe wetu, wazee, majirani wa Kiponda, na nyinyi mliotoka Mkokotoni alfajiri ili muwahi maziko, Assalaam alaykum. Tumerudi makaburini Mwanakwerekwe, udongo bado umo kwenye viatu vyetu, na familia imenipa mimi, Simai Abdulla, kazi ya kukusomeeni maisha ya shemeji yangu, mume wa dada yangu Kazija, ingawa kila aliyepo hapa anajua kwamba mimi na yeye tulikuwa hatuishi kutaniana, na kwamba nusu ya utani wangu ulikuwa juu ya waya zake.

Marehemu Jecha Duni Machano alizaliwa Mkokotoni tarehe 14 Aprili 1921, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Duni Machano, seremala wa milango, na Bi Mashavu Haji, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Alisoma Kurani chuoni akahitimu, kisha akaingia skuli ya serikali hapo hapo Mkokotoni kuanzia mwaka 1930 hadi 1936, ambako walimu walimsifu kwa hesabu na kumchapa kwa kufungua kila kilichofungwa, ikiwemo saa ya ukutani ya mwalimu mkuu, ambayo aliirudisha ikiwa inakwenda sawasawa, ila skurubu moja ilibaki mkononi na hakuna aliyejua mahali pake.

Mwaka 1938 alikuja mjini, akaajiriwa kuwa tarishi katika ofisi ya simu za upepo pale Shangani, na mwaka 1943, baada ya kufundishwa na kufaulu mtihani, akawa karani wa kupokea na kupeleka simu kwa milio mifupi na mirefu, kazi aliyoifanya kwa uaminifu hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 1970. Siku ya Ijumaa tarehe 22 Oktoba 1948 alimuoa dada yangu, Kazija Abdulla, wakajaaliwa watoto wanne, Sichana, Duni, Mwanakheri na Tabia, ambao wote wako nasi leo.

Sasa nafika kwenye redio, na lazima nifike, kwa sababu maisha ya mtu huyu bila ya redio ni chai bila ya sukari. Tangu mwaka 1957 marehemu alikuwa na mtambo wake nyumbani, kwa kibali, wa kuzungumza na watu wa nchi nyingine wenye mapenzi kama yake, wala hakulipwa na mtu kwa hilo. Mwezi wa Machi 1964 ilipoagizwa kwamba mwenye mtambo aupeleke mwenyewe serikalini, aliupakia kwenye gari la hamali, akashika mkono mmoja wa gari na mimi nikashika wa pili, tukapita nao mjini tumeufunika mkeka, na kila kona yenye mtu mwenye silaha tukawa tunaufunua wenyewe kabla hatujaulizwa. Waliupokea, tukarudi salama, na nilidhani kwa ujinga wangu kwamba mambo ya redio yamekwisha.

Hayakwisha. Mwaka 1966 aliomba, akaruhusiwa na bwana mmoja wa ofisi inayohusika, kuunda mtambo mdogo wa namna nyingine, ambao haupigi soga wala haupokei habari, kazi yake ni kutoa herufi tatu zile zile tangu asubuhi hadi usiku, ili mtu aliye mbali akizisikia ajue kwamba siku hiyo njia ya hewani kutoka Unguja hadi kwake iko wazi, na akizikosa ajue imefungwa. Nguvu yake haikufika hata ya balbu ya chumbani. Mota ya gramafoni ya umeme ilizungusha kigurudumu cha shaba alichokichonga meno kwa tupa, meno membamba na mapana, na kila jino lilipogusa kipande cha chuma mtambo ulilia, mlio mfupi au mrefu, bila ya mkono wa mtu. Dada yangu aliuita nyenje. Nyenje huyo alisikika Nairobi, akasikika Bombay, siku moja akasikika hadi Japani, na waliomsikia wakaleta kadi za posta zenye picha za milima na magari moshi. Nilimwambia, "Shemeji, yaani Mjapani huna la kumwambia ila herufi tatu, kila siku hizo hizo?" Akanijibu, "Na wewe kila siku unakuja kunywa kahawa yangu, unaniambia lipi jipya?"

Jana baadhi ya wazee waliniuliza kama ni lazima nisome sehemu inayofuata. Dada yangu ametaka isomwe, kwa hivyo naisoma, na majina ambayo hayana haja ya kutajwa siyataji.

Siku ya Alhamisi tarehe 14 Disemba 1967, katikati ya Ramadhani, marehemu alichukuliwa kazini mchana na mabwana watatu, na mtambo wakauacha nyumbani na mlinzi mlangoni. Yule bwana aliyempa ruhusa alikuwa ameshahamishwa, na aliyekaa kiti chake alisema hana habari yoyote. Mabwana wale walikuwa wameusikiliza mtambo kwa siku nyingi katika redio yao, na waliona jambo ambalo, kusema kweli, hata mimi ningelikuwa wao lingelinitia wasiwasi, nalo ni kwamba kila siku, inapoadhiniwa Magharibi tu, zile herufi zilikuwa zinazorota, zinavutwa, kisha baada ya muda zinarudi mwendo wake. Marehemu aliwaambia kwamba mtambo unakwenda wenyewe. Mkubwa wao akamuuliza, "Mashine nayo hufuturu, mzee?" Kwa fikra zao pale palikuwa na mkono wa mtu, na mkono unaobadilisha mwendo kila siku saa ile ile ni mkono unaompa habari mtu wa nje.

Tulioishi miaka ile tunajua tuhuma ya namna hiyo ina uzito gani. Dada yangu alikuwa na watoto wanne, Tabia akiwa bado ananyonya, na watu waliokuwa wakipita kwetu kutoa salamu wakaanza kupitia njia nyingine. Mimi mwenyewe nilikuwa kila nikisikia gari likisimama, mate yananikauka, na kwenye saumu mate yenyewe ni machache.

Marehemu alijitetea kwa neno moja tu, naye hakulibadilisha kila alipoulizwa, kwamba nyumba zote za mtaa wetu zinakula umeme katika waya mmoja mkongwe, na kwamba miezi mingine watu hurudi makwao mmoja mmoja na kuwasha taa mmoja mmoja, hivyo mota hupungua kidogo kidogo na sikio halitambui, lakini Ramadhani mtaa mzima huwa ndani unasubiri adhana, na ikisikika kila mtu hunyoosha mkono kwenye swichi kwa pamoja, umeme ukanyong'onyea na kigurudumu kikachoka, mpaka watu watoke kwenda msikitini na taa zizimwe. Mkubwa wao akasema, "Basi tutakuja kwako tuone kwa macho yetu, na ukiwa umetuhadaa hutorudi tena nyumbani."

Walimleta Alhamisi iliyofuata, tarehe 21 Disemba, kabla ya Magharibi. Gari liliziba mdomo wa kichochoro, wakapanda ngazi naye, kanzu yake imechakaa na macho yameingia ndani, wakamkalisha mbali na meza, mikono magotini, ili asiguse kitu. Mtambo ukawashwa, redio ndogo ikawekwa kando yake tusikie mlio, na sote tukakaa kusubiri adhana, mimi nikiwa na tende mkononi. Ikaadhiniwa. Nilikodolea macho kile kigurudumu na kukiomba kizorote kama anavyoombewa mgonjwa apone, na chenyewe kikaendelea vile vile, jino baada ya jino, hakikupungua hata kidogo. Adhana ikamalizika. Mkubwa wao akatazama saa yake, akamtazama marehemu, akasema kwa upole, na upole ule ndio ulioniogopesha kuliko ukali, "Vaa viatu, mzee."

Hakuna aliyeelewa, hata marehemu mwenyewe. Aliyeelewa ni Kazija, kwa kuwa alikuwa amesimama dirishani. Mtaa mzima ulikuwa kiza. Majirani waliliona lile gari, wakafunga milango, na kwa khofu hakuna aliyethubutu kuwasha taa, wakafuturu kwa kupapasa.

Dada yangu akachukua buibui lake. Mkubwa wao akamuuliza anakwenda wapi, naye akamjibu, "Nnakwenda kwa majirani wawashe taa. Wanakuogopeni nyinyi." Mmoja wa wale mabwana akanyanyuka na bunduki yake amfuate, Kazija akageuka pale pale mlangoni akasema, "Ukinifuata na hiyo, hakuna atakayefungua. Niacheni nende peke yangu. Mume wangu si mnaye?" Mimi niliinamisha kichwa nikitarajia kofi. Yule mkubwa akaguna, akasema, "Mwacheni ende."

Ndipo tukasikia kila kitu kutoka chini, kwa sababu vichochoro vyetu havifichi sauti. Tulimsikia akipiga hodi nyumba ya kwanza, haikujibiwa. Akapiga ya pili. "Bi Biasha! Ni mie Kazija. Niwashie taa, nakuomba, mume wangu anachukuliwa." Akagonga tena. "Biasha, tumezaa mwezi mmoja mimi na wewe, washa taa!" Taa ya Bi Biasha ikawaka, na kigurudumu hakikujali, taa moja haina uzito. Akaendelea, hodi, hodi, sauti ikianza kukatika, nyumba nyingine ikawaka, tatu zikakataa, moja ikawaka na kuzimwa, na mkubwa wao akawa anazungusha zungusha saa yake mkononi. Kisha tukamsikia kwa Fundi Matar, mshona nguo, ambaye hata siku ya kawaida ni mtu wa kuogopa kivuli chake, akimwambia, "Fundi, si taa tu, tia na pasi." Na Fundi Matar, Mungu ampe umri, akatia pasi zake mbili na feni.

Kigurudumu kikachoka. Mlio ukavutika, zile herufi zikawa nzito, kila mmoja chumbani akasikia, na baada ya Fundi Matar madirisha mengine yakafuata, na kila dirisha lilipowaka kikachoka zaidi. Yule mkubwa aliinama akakitazama kwa karibu bila ya kukigusa, kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuamini jambo mara moja, akaenda dirishani akapaza sauti, "Zimeni taa!" Enyi watu wa Kiponda, sijapata kuona amri ikitiiwa namna ile. Mtaa ukazimika kwa pamoja, na kigurudumu kikaruka, kikarudi mwendo wake wa mwanzo, kinalia kwa raha zake. Akarudi kutoka dirishani, akasema, "Nipeni na mie tende," akafuturu.

Alipokuwa anaondoka alimwambia marehemu maneno ambayo nayakumbuka kama yalivyo. "Mzee, mie nshaelewa. Lakini atakayekuja baada yangu huenda asielewe. Uzime." Marehemu akauzima jioni ile ile kwa mkono wake, na hakuuwasha tena mpaka tumemzika. Sikukuu ilimkuta nyumbani na watoto wake, na kwa hilo tulimshukuru Mwenyezi Mungu usiku na mchana, lakini nisiseme uongo mbele yenu, aliumia. Kadi ziliendelea kuja mwaka mzima, kutoka kwa watu wasiojua lolote, wakiuliza mbona kimya, je, yu mzima, naye alikuwa akizisoma na kuzirudisha mezani bila ya kujibu, kwa kuogopa kwamba hata jibu lingeweza kuzushiwa maneno. Siku zile sikumtania.

Baada ya kustaafu mwaka 1970 alifungua kibanda Ng'ambo akitengeneza redio za watu, na wengi wenu hapa mmesikiliza taarabu katika redio alizozifufua yeye. Mwezi wa Oktoba 1972 alianza kusumbuliwa na kifua, akatibiwa akapata nafuu, maradhi yakarudi kwa nguvu, akalazwa hospitali kuu ya hapa mjini tarehe 22 Januari mwaka huu, na jana, Jumatatu tarehe 12 Februari 1973, baada ya Sala ya Alasiri, akaitika wito wa Mola wake, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Ameacha mjane, watoto wanne na mjukuu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila ya kuchoka, inawashukuru aliofanya nao kazi Shangani, ambao wamelibeba jeneza kwa zamu tangu nyumbani, na inawashukuru ndugu wa Mkokotoni kwa kuja wengi na mapema.

Majirani nimewaweka mwisho kwa makusudi. Mliowasha taa siku ile, Bi Biasha na Fundi Matar mkiwa wa mwanzo, hatuna cha kukulipeni, atakulipeni Mwenyezi Mungu. Lakini wapo ambao hawakuwasha, waliomsikia dada yangu akigonga wakabaki kimya, na najua kwamba tangu siku ile baadhi yao wakikutana nasi njiani huinamisha macho, na wengine leo wamekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na mimi kwa tabia yangu nilikuwa na maneno yangu ya kuwaambia. Marehemu alinikataza. Wiki iliyopita, hospitali, pumzi zikiwa haba, alinishika mkono akaniambia, "Simai, ukisoma, washukuru na wale. Waambie mimi ningelikuwa ndani ya nyumba zao nisingeliwasha." Nilimbishia, nikamwambia si kweli, angeliwasha. Akatikisa kichwa. "Nisingeliwasha," akasema, "nna watoto."

Basi, kwa amri yake, na nyinyi tunakushukuruni, sogeeni mbele mkae na wenzenu, chakula kinakuja. Na wewe shemeji yangu, niliyekuwa nikikubishia kila jambo, hili nakuachia, pumzika kwa amani.