Mwenye Kampuni Anashuka Garini

Baada ya miaka ishirini na saba ya kuendesha lori la chama chetu cha ushirika, Ndugu Agapiti Amedeus anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Wengi wenu jina hilo mnalisoma leo kwa mara ya kwanza, maana kutoka Nachingwea hadi Ruangwa mtu huyu anaitwa Mwenye Kampuni.

Alianza kazi lori likiwa bovu na barabara bovu zaidi. Amebeba korosho na ufuta wetu kutoka Ruponda, Chunyu na Mbekenyera, na mimi karani wa ghala nashuhudia kwamba hakuna gunia lililopotea mikononi mwake. Kasoro yake ni moja: akishika usukani hanyamazi. Utingo wake, Habibu, husema amesoma chuo cha uchumi bila kulipa ada.

Kampuni yenyewe ilikuja hivi. Msimu mmoja korosho zilipata bei nzuri, wenzake wakanunua pikipiki na runinga pana kama milango. Agapiti akanunua hisa za kampuni moja ya soda ya Dar es Salaam. Tulimcheka sana. Akatujibu kwamba pikipiki huzeeka hata ikilala, lakini watu hawataacha kuona kiu.

Tangu siku hiyo kila duka likawa lake. Akifika Mbekenyera, kabla ya kupakia mzigo, alipita dukani kugeuza chupa za soda yake zitazame wateja, na za washindani akazisukuma nyuma. Muuzaji aliyeuza soda ya moto alipata hotuba. Kwenye harusi ya Sofia, mhasibu wetu, aliikagua meza kuu kabla bwana harusi hajaketi. Mkewe, Bi Valentina, alizoea kusema kwamba mumewe hana hisa, ana hisia.

Alipoalikwa kwenye mkutano mkuu wa wanahisa, alisafiri na jogoo. Kwao Ruponda mtu haendi mikono mitupu kwenye kikao cha wenye mali. Mlinzi wa hoteli alimruhusu Agapiti, lakini jogoo alimkatalia, ikabidi ndege huyo abaki getini. Ulipofika wakati wa kura, Agapiti akanyoosha mkono juu kama tufanyavyo hapa. Akaelezwa kwa upole kwamba kule hawahesabu mikono, wanahesabu hisa, na bwana mmoja aliyekaa mbele ana kura nyingi kuliko nusu ya ukumbi. Alirudi ameduwaa. Njia nzima ya Ruangwa alimweleza Habibu kwamba kumbe mtu anaweza kuwa mwenye kampuni na mkono wake usionekane. Hata hivyo aliapa mbele yetu sote kwamba hisa zile atazikwa nazo.

Sasa niseme jambo ambalo mwenyewe hajalisema. Wiki iliyopita tulikwenda kwake kupanga sherehe ya kumuaga, tukakuta friji barazani na Bi Valentina ameketi anauza vinywaji baridi. Miguu yake ilipoanza kuvimba, hakuweza tena kuzungusha maandazi minadani. Alituambia bila kuficha: mumewe aliuza hisa zote mwaka juzi, akamnunulia friji, akamsihi asimtangaze, kwa sababu aliogopa tutamvua jina.

Mwaka juzi! Na mwezi uliopita nilimwona kwa macho yangu dukani Mbekenyera, anageuza chupa. Nilicheka hadi machozi, kisha machozi yakaendelea kicheko kikiwa kimekwisha.

Na humo frijini, safu ya mbele, zimejaa soda za washindani. Bi Valentina anasema ndizo zinazotoka. Agapiti hapo nyumbani hana ruhusa ya kugeuza kitu.

Ndugu Agapiti, jina lako hatulivui. Tunakushukuru kwa safari zote, kwa magunia yote na hata kwa hotuba. Tunakutakia wewe na Bi Valentina afya njema, wateja wengi na umeme usiokatika. Kazini unastaafu, lakini wewe ni mkulima wa korosho na mwanachama wetu, na uanachama haustaafu. Mkutano wetu mkuu ukifika, njoo ukae mbele. Hapa mkono wako ni kura nzima, na jogoo anaruhusiwa kuingia.