Upinde Unaofika kwa Mama Mkwe

Leo Ijumaa, tarehe 28 Juni, Bi Salamu anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika karakana yetu ya pinde. Kama umekuja kwenye hafla hii kwa ajili ya keki tu, karibu sana, lakini soma kwanza. Ni yeye aliyetufundisha kwamba mtu hashiki kitu kabla hajasalimia.

Alianzia kwenye meza ya kusuka nyuzi za pinde, meza ninayokalia leo mimi ninayeandika haya. Droo yake ya kushoto haifungi mpaka uipige goti, na nimeambiwa ilikuwa hivyo tangu enzi zake. Baadaye akahamishiwa mbele, dukani, na hapo ndipo alipoipata kazi yake hasa: kumwambia mtu mzima upinde gani mkono wake unauweza, na mtu huyo aondoke bado anatabasamu.

Kwa wageni wetu, uzito wa upinde si uzito wa kuubeba. Pinde zetu zote hata bibi harusi anaweza kutembea nazo. Uzito tunaousema ni nguvu ya kuvuta uzi mpaka shavuni, nasi tunaupima kwa kilo, kwa ile mizani ya ndoano inayoning'inia mlangoni pa stoo. Ukichukua upinde unaokuzidi nguvu, mkono unatetemeka, bega linapanda mpaka sikioni, mshale unachomoka kabla hujauruhusu, na kesho yake huwezi kuvaa shati bila msaada. Ukichukua unaokutosha, unajifunza, na misuli ikikomaa unarudi kuchukua mwingine. Mtu hujikuna ajipatapo. Tabu ni kwamba kila anayeingia mlangoni kwetu anajiona shujaa.

Dawa ya mashujaa aliibuni Bi Salamu mwenyewe. Mteja anavuta uzi, anaushikilia shavuni, halafu anasalimiwa. Habari za nyumbani? Za kazini? Watoto? Wazee? Na mwisho kabisa, mama mkwe hajambo? Mteja anatakiwa aitikie yote kwa sauti yake ya kawaida, kama mtu aliyekutana na jirani sokoni. Hata kama hujaoa wala hujaolewa, mama mkwe utaulizwa tu. Sauti ikikwama njiani, upinde ni mzito, unarudishwa rafuni na unaletwa mwepesi zaidi. Ndiyo maana humu ndani husikii mtu akitaja kilo. Utasikia fulani ameishia kwa wazee, au fulani masikini hata kazini hakufika. Na upinde unaomfaa mtu tunauita upinde wa mama mkwe. Wageni wakitusikia hutupa pole, wakidhani tuna matatizo ya kifamilia.

Wengi mnamkumbuka yule mnyanyua vyuma aliyeingia akiwa amevaa fulana ya mdogo wake, akataka upinde mzito kuliko zote. Bi Salamu hakubishana naye, alimpa. Jamaa akajikaza kisabuni, akauvuta, mishipa ya shingo ikamtoka kama mizizi. Aliulizwa habari za nyumbani. Kilichomtoka hakikuwa neno, kilikuwa mlio wa bawaba isiyotiwa mafuta. Duka zima tuligeukia ukutani tusionekane tunacheka. Bi Salamu akamwambia kwa upole kwamba nyumbani kwake inaonekana hawajambo, akamletea upinde wa mazoezi, wa kilo kumi na moja. Leo bwana huyo ni mkufunzi wa klabu, yuko meza ya tatu, na anaomba tusimwonyeshe kidole.

Wapo waliojaribu kudanganya. Mwalimu mmoja wa shule alizimeza salamu zote kwa pumzi moja, hujambosijambosalamasalmini, akaushusha upinde kwa ushindi. Bi Salamu alimwambia hiyo ni salamu ya mtu anayekimbia mvua, arudie, na safari hii watoto awataje kwa majina. Mwalimu ana watoto saba. Aliishia kwa wa tatu.

Kazi kubwa kuliko zote aliifanya siku alipozificha namba za pinde zetu. Zamani kila upinde uliandikwa kilo zake waziwazi, na watu walichagua kwa macho, kila mmoja akitaka namba iliyomzidi rafiki yake. Wiki iliyofuata tulikuwa tunawapokea mikono ikiwa imening'inizwa shingoni kwa vitambaa. Asubuhi moja meneja wa wakati ule alikuta namba zote zimefichwa chini ya ngozi ya mshikio, zimegandishwa kwa gundi, na mhusika amekaa anakunywa chai. Lahaula! Alifoka mpaka miwani ikamteleza puani. Lakini malalamiko yalikoma, na vitambaa vya shingoni navyo vikakoma, basi ngozi zikabaki zilivyo. Mpaka leo ni sheria ya nyumba hii kwamba hakuna anayebandua ngozi kuangalia kilo zake.

Sasa tufike penye uchungu kidogo. Vumilieni, keki haikimbii.

Bi Salamu ana upinde wake mwenyewe, tunauita Jeuri. Namba yake hakuificha kamwe: ni kilo ishirini na mbili. Kila siku kabla ya kufungua duka alikuwa akitoka nao uani, anapiga mishale mitatu, halafu ndipo anakumbuka kwamba kuna watu wengine duniani. Tangu mwaka jana Jeuri ulikuwa haushuki msumarini ila mara chache, na visingizio havikumwishia. Mara uzi umekauka, mara jua linampiga machoni. Siku moja niliuona ukweli kwa dirisha: aliuvuta nusu, akaurudisha uzi polepole, akakaa kwenye gogo ameshika bega la kulia. Aliyewapunguzia watu wote, mwenyewe hakujipunguzia hata kilo moja. Mganga hajigangi.

Halafu akatutangazia, huku akicheka, kwamba akistaafu anaachana na upinde moja kwa moja. Jeuri utundikwe ukutani, yeye atalima mchicha. Kicheko chenyewe hakikufika machoni. Tuliumia, nasema kweli. Mtu aliyewapa watu wote upinde wa kuwatosha, aondoke yeye bila wake? Lakini nani angethubutu kumwambia apunguze? Nani angemsalimia yeye?

Alithubutu mchongaji wetu, ambaye wote tunamwita Kipara, na si kwa sababu ya nywele nyingi. Alimwendea na upinde mpya ambao haujakamilika, akamwambia ni wa mteja wa mbali mwenye bega bovu na kimo kama chake, ambaye hawezi kuja kupimwa. Je, angemsaidia kuujaribu? Bi Salamu akauvuta. Kipara, kama mtu anayepiga soga tu, akamuuliza habari za nyumbani. Akaitikia. Za kazini, akaitikia. Kwa watoto akaanza kuhema. Kipara akaenda kuukwangua mti kidogo, maana upinde ukikwanguliwa tumbo, yaani upande wa ndani, unalegea. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa pia. Bi Salamu hakushtuka. Tena alimkaripia Kipara kwamba anamwonea haya mteja, amkwangulie bila woga, na amfikishie ujumbe kwamba bega kuchoka si aibu, aibu ni kuliacha lioze kwa sababu ya kiburi. Mimi nilikuwa pembeni nasuka uzi, nikausuka vibaya nikalazimika kuufumua wote.

Jumanne iliyopita alifika kwa mama mkwe. Alieleza kwa kirefu kwamba bibi huyo hajambo, na bado anamkosoa anavyokunja shuka. Kisha, uzi ukiwa bado shavuni, akaanza yeye kumuuliza Kipara habari za mkewe, na lile goti lake, na paka aliyepotea. Karakana nzima tulijifanya tuna kazi. Alipoushusha upinde aliutazama sana, akasema mteja huyo ana bahati. Kipara akasema anakwenda stoo kutafuta gundi, na alikaa huko muda mrefu kwa mtu anayetafuta gundi iliyo mezani kwake.

Bi Salamu, kama unasoma haya ukiwa umekaa pale mbele, inama uangalie chini ya meza ya keki. Mteja wa mbali ni wewe. Jeuri tutautundika kama ulivyoagiza, lakini wewe hatukutundiki ukutani. Uzi nimeusuka mimi, safari hii bila makosa, na shabaha ya uani inakungoja kila asubuhi utakayopenda kuja. Kilo zake ziko chini ya ngozi. Usibandue, sheria unaijua.

Asante kwa mikono yote uliyoiokoa, na kwa kutuvumilia. Siku zako za kupumzika ziwe nyingi, na zote ziwe nyepesi kuvuta.

Utusalimie nyumbani. Watoto, wazee, na mama mkwe usimsahau.