Mama Anastasie, Mwanamke Aliyeyashinda Matete

Marehemu Mama Anastasie Bulaimu alizaliwa Wamaza, katika teritware ya Kabambare, tarehe 14 Machi 1956. Baba yake alikuwa Mzee Bulaimu Faradji, mkulima wa mpunga, na mama yake Mama Chimène. Alikuwa mtoto wao wa kwanza, na ubishi alizaliwa nao.

Alisoma shule ya msingi palepale Wamaza mpaka mwaka wa tano, mama yake alipougua na yeye akashika jembe na jiko. Baadaye walimpeleka kujifunza kushona, lakini hakukaa. "Sindano iko kidogo sana," aliwaambia wazazi. "Mimi niko mutu wa jembe."

Tarehe 20 Agosti 1977 alifunga ndoa na Mwalimu Octave Sumaili, akamfuata Kasongo. Mungu aliwajalia watoto watatu: Benita, Fabrice na Laetitia. Mwalimu alimtangulia mwaka 2011, na mjane wake hakuacha kumtaja hata siku moja.

Wakati wa vita mashamba ya mbali hayakuendeka tena, na nyumbani kulikuwa na njaa. Mwaka 2000 Mama alimwomba chifu wa mtaa kile kinamasi cha nyuma ya nyumba: maji ya magotini, matete yaliyompita mtu kimo, na vyura. Chifu alicheka, kisha akakubali kwa sharti. "Chukua, mama. Lakini siku matete itarudi, na kiwanja kitarudi kwangu."

Alifyeka, akachimba mfereji pembeni, tope akalitupia katikati mpaka likawa matuta. Akayapanga matuta kwa kamba na vijiti, na vijiti akavikata kwenye matete yaleyale aliyotoka kuyafyeka. Mvua ikanyesha, vijiti vyote vikachipua. Mama wa watu alikuwa amempanda adui yake kwa mistari iliyonyooka! Mtaa mzima ulishuka kuangalia.

"Mama Anastasie, matete yako inaota muzuri! Utatugawia mbegu?"

Alicheka nao mpaka akakaa kwenye tope, kisha akainuka akaving'oa kimoja kimoja. Tangu hapo kila gugu alilong'oa alilianika mizizi juu, likikauka ndipo analirudisha kwenye tuta liwe mbolea. Msimu uliofuata lengalenga, bamia na biringanya zake zilijaa sokoni, na wanawake waliomcheka wakaja kuomba awafundishe. Aliwafundisha wote, akianzia kwenye kisa cha vijiti.

Desemba 2024 moyo ulianza kumsumbua, miguu ikavimba, akalazwa. Kufa hakukumtisha, matete ndiyo yaliyomtisha. Benita alitoka Salamabila, anakofanya biashara, akaja kumuuguza, na kwa kumhurumia akawa anamwambia, "Bustani iko muzuri, mama." Kumbe hakuna aliyekanyaga huko tangu Noeli.

"Leta mikono," Mama alisema siku moja. Akaigeuza, akaitazama. "Hii mikono haikugusa udongo. Usinidanganye, mutoto wangu."

Benita alilia sana. Asubuhi alishuka kinamasini akakuta matete yamemfika kifuani, akaanza kuyang'oa peke yake. Wale wanawake waliofundishwa na mama yake walipomwona, walikwenda kuchukua majembe, wakafanya kazi naye mpaka matuta yakaonekana tena. Kisha akarudi hospitali na tope lake kwenye kucha. Mama aliishika ile mikono, akainusa.

"Mizizi muliweka juu?"

"Juu, mama."

"Basi."

Hakuiachia mpaka usingizi ulipomchukua. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, Benita akiwa kando yake.

Ameacha watoto watatu, wajukuu kumi na mmoja, mdogo wake Salomon anayesoma maneno haya, na bustani. Chifu wa sasa alipokuja matangani alishuka kuiona kwa macho yake, akasema kiwanja kinabaki kwa Benita, kwa sharti lilelile. Benita hatarudi Salamabila.

Familia inawashukuru nyote kwa machozi yenu. Atakayebakiwa na mengine, kesho asubuhi ashuke nayo kinamasini, na jembe mkononi. Vijiti tafadhali viwe vikavu.

Dada yetu amesimama majini miaka ishirini na mitano. Sasa alale mahali pakavu, kwa amani.