Kuku Aliyekataa Kulalia Mayai

Mnanisumbua na habari hii kama vile sina kazi nyingine. Haya, naiandika mara moja. Anayeitaka tena aisome tena. Asubuhi ile kuku wangu mwekundu alikuwa ameyakimbia mayai yake kumi na moja kwa mara ya pili, utitiri umemjaa mpaka kwenye kope. Akiyaacha tena, yote viza. Nikabeba birika la kahawa hadi kijiweni, nikawauliza wataalamu wa benchi jipya: Fundi seremala aliyelitengeneza, Kinyozi, na Redio, tunayemwita hivyo kwa kuwa mdomo wake hauna kitufe cha kuuzima.

— Majivu, Bibi, alisema Kinyozi huku akijikuna shingo. Yaliyopoa, na mchanga mkavu. Aoge mwenyewe.

— Anaoga. Akilala tu, wanamrudia.

— Basi majani ya mwarobaini kiotani.

— Yapo tangu Jumatatu.

— Mnawabembeleza wadudu! Redio akadakia. Alikuwa ameinuka, akakaa, akainuka tena. Choma tumbaku, funga mlango. Wakohoe mpaka wahame.

— Na kuku?

— Atazoea. Mbona mimi nimezoea?

— Utitiri unaogopa kelele, alisema Fundi, anajisugua mgongo kwenye nguzo. Wapigie sufuria alfajiri.

— Mimi namnyoa, akasema Kinyozi. Mdudu atajificha wapi? Dakika kumi tu, Bibi, mlete.

— Na mayai atayafunika kwa shuka, bwege wewe? Redio akamrukia.

Wakabishana, huyu akijikuna paja, yule kwapa, hakuna aliyetulia. Akafika mshona nguo aliyehamia mtaani juzi. Akapokea kikombe, akataka kukaa, akasita.

— Samahani jamani, mbona nyote mnajikuna?

Kila mmoja akautazama mkono wake. Hata Redio.

Nikachomoa pini kwenye kilemba, nikachokoa ufa wa benchi. Wadudu wakamiminika, wekundu, wameshiba.

— Fundi, mbao hizi umezitoa wapi?

— Mbao nzuri tu, Bibi.

— Sijauliza uzuri.

— Banda la kuku la mama mkwe. Alilibomoa.

— Na ule ufito wa kulalia kuku ulionipigilia bandani mwezi jana?

Akaangalia viatu vyake.

— Ilibaki mbao moja...

Kumbe mimi nahangaika na majivu chini, wadudu wanashuka kutoka juu! Siku ile ile niliung'oa ufito, nikamwaga maji ya moto kwenye kila ufa, nikabadilisha nyasi za kiota. Kuku akarudi kulalia. Saba wakatotolewa, manne yakaoza.

Fundi alilipa. Benchi alilikata kwa msumeno wake mwenyewe, akalichoma, akanichekechea majivu yakishapoa. Akaniletea ufito mpya, umepigwa randa mpaka unateleza, hauna ufa hata wa kupitisha uzi. Na kwa yale mayai manne alinikabidhi tetea wake mweupe, yule aliyekuwa akimsifia kuliko mkewe. Nilimkagua chini ya mabawa palepale mlangoni, unyoya kwa unyoya, Fundi kamshika miguu, ndipo nikampokea.