Delfina Pacchiari na Chachu ya Colleverna

Shangazi yetu Delfina Pacchiari alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 hapa Colleverna, katika nyumba iliyoegemea tanuri la kijiji. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto yule hakuijua baridi, ndiyo maana hakupenda kwenda mbali.

Alisoma hadi darasa la tano. Hesabu zilimshinda, lakini mihuri ambayo koo zote kumi na nne ziligonga kwenye mikate yao, isichanganyike tanurini, aliitambua hata gizani kwa kuipapasa.

Mwaka 1959 aliolewa na Oreste Brandini, mwashi wa kuta za mawe, aliyefariki 1999. Hawakujaliwa mtoto. Mwaka 1961 alikabidhiwa tanuri. Majirani walipohamia Ubelgiji na Argentina walimwachia mihuri yao ya mbao, naye akawa anaipaka mafuta ya zeituni kila Pasaka, wasije wakarudi wakaikuta imepasuka.

Mkesha wa Pasaka 2005, wifi yake Ersilia, dada yake Oreste, alitoa mikate ya Delfina tanurini ikiwa mibichi ili aweke yake. Hawakusemezana tena. Lakini kwetu anayemaliza kuoka humwachia anayefuata donge la chachu, na waokaji waliobaki walikuwa wao wawili tu.

Januari mwaka huu moyo ulimlaza hospitali. Bakuli la chachu, iliyotoka kwa bibi zake, alinikabidhi mimi Fausto, mtoto wa kaka yake.

"Uilishe unga kila siku. Ikifa, usije kunitazama."

Nikasahau. Siku ya tisa nilikuta imeota ukungu. Naungama mbele yenu, nililia kama mtoto.

Nikaenda kwa Ersilia. Akafunua bakuli lake.

"Hii ni yake. Miaka kumi na tisa ananiwekea mlangoni kila Ijumaa, salamu hanipi. Chukua, mzembe wewe."

Februari shangazi alirudi nyumbani, akaonja mkate wangu.

"Huu umepitia kwa Ersilia."

"Ndiyo, shangazi."

Akamega kipande kingine. "Basi mwite. Mwambie chumvi haitoshi."

Ersilia alikuja siku hiyohiyo na hakuondoka. Walibishana kuhusu chumvi hadi asubuhi ya tarehe 3 Machi 2024, shangazi alipofariki mkono wake ukiwa mkononi mwa wifi yake.

Ameacha Ersilia, mimi, dada yangu Loretta aliyeko Ubelgiji, na mihuri kumi na minne. Mkate mtakaokula mkitoka makaburini ameuoka Ersilia na kuugonga muhuri wa Delfina. Chumvi ameiongeza.

Lala kwa amani, shangazi. Chachu nimeilisha asubuhi hii.