Kifafa cha Mwanvita

Akina mama, nawaandikia niliyoyasikia kwenye bajaji tukienda hospitali, msije mkaacha dawa za watoto. Mama mmoja alikuwa akimwambia kaka yake, "Hashimu, daktari alisema kifafa cha Mwanvita ni manejebo, yaani kinadhibitika. Wewe ukamkataza vidonge alipowekwa ndani, eti mwali!"

"Sasa dada, kitu kinachodhibitika si kingengoja mwali atoke?"

"Kinadhibitika kwa vidonge, kila siku! Bila vidonge ni kifafa tu. Ona, ameangukia mafiga, uso wote umeungua, sasa kalazwa."

"Mjomba wake ni mimi. Nilitaka achezwe ngoma kama wenzake."

"Haya, amechezwa."

Hapo hata mimi mpenda maneno nilitazama nje. Bajaji ikasimama getini. Dada akashuka na chupa ya uji, kaka akabaki kitini.

"Tangulia," alisema. "Akiniona atalia."