Kokulinda Aliyekwenda Ugenini Kuuliza Habari za Wafu

Komeo liligonga mara moja, usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 6 Agosti 2025, kwenye mlango wa nyuma wa nyumba hii mnayoiona, na mama Adventina, ambaye kwa karibu miaka kumi na sita amelala akiusikiliza mlango huo, aliinuka kando ya kitanda cha binti yake, akaenda kutazama, asikute mtu, na aliporudi chumbani Kokulinda alikuwa amekwisha kukata roho.

Baba Paroko, ndugu, majirani na nyote mliofika kukaa nasi, kwa kawaida tungeanza na kuzaliwa kwake, nasi tutafika huko, lakini familia imeona tuanzie mlangoni, kwa kuwa maisha ya mpendwa wetu yaliuzunguka mlango ule.

Kokulinda Gosbert alizaliwa tarehe 14 Machi 1999 huko Butimba, ambako baba yake, marehemu mwalimu Gosbert, alikuwa akifundisha katika chuo cha ualimu, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa wazazi wake. Mwaka 2005 familia ilihamia hapa Buswelu, baba akapanda nyuma ya nyumba migomba aliyoileta kutoka kwao Muleba, na Kokulinda akaanza darasa la kwanza, akishikwa mkono kila asubuhi na kaka yake.

Jumapili ya tarehe 22 Novemba 2009, baada ya misa, kaka huyo, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mitano, aliingia ziwani kuogelea kule Igombe, akamwachia Kokulinda ndala zake azishike juu ya jiwe, naye hakutoka tena. Wavuvi walimtafuta wiki nzima, ziwa halikumrudisha. Wazee wa ukoo walikuja kutoka Muleba, wakaeleza ilivyo desturi ya kwetu, kwamba mtu ambaye mwili wake haukuonekana hukatiwa mgomba, ukavikwa nguo, ukazikwa mahali pake, na mzazi wake akamwita kwa jina, ndipo msiba unapoanuliwa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimewasikia wazee wangu, lakini mimi sikuzaa mgomba." Tangu siku ile mlango wa nyuma haukufungwa tena usiku, komeo likawa linaning'inia, ndala zikakaa kizingitini, na jina la kijana halikutamkwa ndani ya nyumba hii, kwa sababu kulitamka kungekuwa kumzika. Baba alifariki mwaka 2014, akazikwa Muleba, na mama alirudi Buswelu kesho yake, asije mtu akafika akakuta nyumba haina mwenyewe.

Marehemu alimaliza kidato cha nne mwaka 2015, kidato cha sita mwaka 2018, akasomea sosholojia Dar es Salaam, na kuanzia 2021 alifanya kazi Nyakato, katika chama cha kusaidiana cha wafanyakazi wa viwandani, akiwaandalia waliofiwa safari za kurudisha miili nyumbani. Wenzake wanasema hakuwahi kumwacha mfiwa asafiri bila kumuuliza jina la marehemu na kulirudia kwa sauti.

Hakuolewa, wala hakuacha mtoto, na si kwa kukosa watu wa kumkumbusha. Alipopata nafasi ya shahada ya pili, akaaga mwezi Juni 2024 kwamba anakwenda Madagaska kujifunza namna watu wa huko wanavyoishi na wafu wao, shangazi yake Evelina alimwambia hapa uani, mbele ya watu, "Wewe mtoto, wenzako wakienda ng'ambo wanarudi na wachumba, wewe unafuata makaburi?" Naye akamjibu, "Shangazi, wachumba wapo hata Kirumba, makaburi ya aina hiyo hayapo." Shangazi alicheka, mama hakucheka.

Huko aliishi katika kijiji cha milimani, na siku moja akaalikwa na ukoo uliokuwa umesimamisha jiwe kwa ajili ya babu aliyepotelea baharini. Walilipaka jiwe mafuta, wakamwita babu kwa jina, wakamweleza nani ameoa, nani amezaa, na mchele umefika bei gani. Jioni ile alimpigia mama simu, akasema, "Mama, huku aliyepotea wanamwita, na hawamwombi arudi, wanampa tu habari za nyumbani." Mama akamuuliza, "Umekula?"

Mwezi Februari 2025 alirejea akiwa anaishiwa pumzi, na katika hospitali ya rufaa hapa Mwanza ilibainika kuwa moyo, uliomsumbua tangu utotoni, ulikuwa umechoka. Mwezi Julai aliomba aletwe nyumbani, na humu ndani akamwambia mama yake neno moja tu la mwisho wa safari yake yote, "Mama, nikienda, chimbeni mashimo mawili." Mama akamjibu, "Kunywa uji, unapoa." Hawakulizungumza tena.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani wa Buswelu mliochota maji na kukesha nasi, na wenzake wa Nyakato, ambao safari hii mmekuja kumsindikiza yeye.

Jana asubuhi vijana waliokuwa wakichimba walikuja kumuuliza shangazi Evelina, shimo ni moja au mawili. Mama Adventina aliwasikia. Aliinuka mkekani, akachukua panga, akaenda mwenyewe nyuma ya nyumba, akakata mgomba katika ile aliyoipanda mumewe, akaubeba kama anavyobebwa mtoto aliyelala, akauvika shati, akaweka ndala mbili chini yake, na ndiyo huo mnaouona kando ya jeneza. Kisha akarudi kwenye mlango wa nyuma na kulisukuma komeo mpaka mwisho. Kama usiku ule uligonga upepo, au alikuwa kijana mwenyewe amemfuata dada yake, sisi hatujui, na mama hakutuambia. Alipiga magoti kati ya watoto wake wawili, akasema maneno ambayo familia haina mengine ya kufungia historia hii:

"Kokulinda mwanangu, umemtafuta vya kutosha, pumzika kwa amani. Na wewe, mwanangu, mama amekuita, pumzika nawe. Rwekaza."